Bahari ya Gamaliel

Kwenye lango la kiwanda cha Marikivu palikuwa pamechorwa pomboo wa buluu anayecheka. Mchoraji, ambaye kwa hakika hajawahi kumwona pomboo, alimpa masharubu ya kambale na meno ya mtu. Inspekta Kahindo aliitazama picha hiyo kwa muda, baridi ya asubuhi ya Butembo ikimwingia kwenye koti, kisha akagonga bati kwa ufunguo wa pikipiki yake.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya mtu mmoja. Lukman, mwenye lori wa Bungulu kule Beni, alikuwa kwenye kasho, mahabusu ya polisi, akishtakiwa kwa kuua mwani. Ndivyo mashtaka yalivyosema, bila haya: kuua mwani wa bahari, mali ya kampuni. Kesho mchana angepakiwa kwenye jipu na kupelekwa gereza la Beni, mji wake mwenyewe, apite na pingu mbele ya msikiti wake na mbele ya wafanyabiashara wanaompa mizigo. Kamanda alikuwa amempa Kahindo siku hiyo moja kufunga faili.

"Ufunge tu," kamanda alimwambia. "Tulimuuliza kama alifungua pipa ya kampuni njiani, akakana. Tukamwambia aape, akanyamaza. Unataka nini ingine?"

Kahindo alitaka kuelewa hilo hilo la kukataa kuapa. Waongo aliowahi kuwahoji waliapa kabla hawajaombwa, tena kwa mama zao na kwa damu ya Yesu. Mtu anayemdanganya polisi na kuogopa kumdanganya Mungu hakuwa mwizi wa kawaida, na Kahindo hakupenda kufunga faili ya mtu ambaye bado hajamwelewa.

Lango likafunguliwa. Mkurugenzi Gamaliel alitokea akiwa na koti jeupe la maabara lililopigwa pasi kama la bwana harusi, kalamu tano mfukoni, na hakuna hata moja iliyokuwa na alama ya kutumika.

"Karibu, Mama Inspecteur! Hapa tuko tunafanya mambo yenye hata Kinshasa haiyafikirie. Biotechnologie marine! Dawa, mafuta ya ngozi, chakula cha batoto, yote ndani ya mwani. Bahari itakuza uchumi ya région yote, na bahari itaanzia hapa."

"Hapa ni mulimani, Monsieur le Directeur."

"Justement! Njo pale kuko akili."

Akili ilikuwa imevaa viatu vya ngozi vyenye ncha. Kahindo akamfuata. Alikuwa amewaona wa namna hii wengi tangu aanze kazi: mwaka mmoja walileta sungura wakubwa, mwaka mwingine vanila, mwaka mwingine uyoga, na kila mara walikuwa na koti jeupe na neno la Kifaransa ambalo hakuna aliyethubutu kuuliza maana yake. Safari hii neno lilikuwa refu zaidi, kwa hiyo na waliodanganyika walikuwa wengi zaidi. Akina mama wa Vuhovi waliuza mbuzi ili wawe na hisa kwenye bahari. Waheshimiwa wa mji walikuja kupigwa picha karibu na matangi, wakatingisha vichwa kama watu walioelewa.

Matangi yenyewe yalikuwa matatu, ya saruji, chini ya paa la plastiki. Ndani yake mlikuwa na uji mweupe unaonuka yai viza.

"Ona," Gamaliel alisema, akijigusa kifua. "Mbele ilikuwa majani kibichi, muzuri, inaishi. Juma iliyopita, kwisha! Na kesho bageni ba Nairobi benye kutusaidia banakuja, pamoja na chimiste wao, mutu wa kupima maji. Nitabaonyesha nini? Nitabaonyesha muuaji, basi. Njo maana nataka ile mutu apite hapa na pingu."

"Unasema ni Lukman. Alifanyaje?"

"Yee njo alitoa mapipa kwa mupaka, Kasindi, na kamyo yake. Mapipa saba, ya maji ya bahari na mbegu ya mwani, kutoka Mombasa, yote na lakiri. Ilipofika, pipa moja lakiri ilikuwa imekatwa, maji imepunguka." Akacheka kwa pua. "Unajua bale ba Beni, Inspecteur. Kila banaposimama banaoga miguu. Alinawia bahari yangu! Akaingiza microbe ndani, nasi tukamwanga yote kwa matangi. Uandike vile: aliosha miguu muchafu na maji ya projet."

"Uko na uhakika alinawa?"

"Mia kwa mia! Na uandike."

"Na ile mapipa ingine?"

"Lakiri nzima. Sita." Akamwongoza hadi chumba cha mapokezi, akafungua mlango kama padri anayefungua tabernakulo. "Tano tulifungua siye benyewe. Hii ya mwisho nilibakisha juu ya souvenir."

Pipa la buluu lilisimama juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Lilikuwa limefungwa utepe wa rangi za bendera, na maua ya plastiki kila upande. Kwenye kifuniko palining'inia lakiri ya plastiki ya manjano, haijaguswa. Juu yake bango lilisema: OCÉAN INDIEN.

"Batu banapiga nayo picha," Gamaliel alisema kwa unyenyekevu wa uongo. "Bengine banalia."

Kahindo alilitazama pipa, akayatazama maua ya plastiki yaliyolizunguka kama jeneza, akajizuia asicheke. Hata kwao Kipese, ambako watu wanaheshimu kila kitu kinachotoka mbali, hakuna aliyewahi kulia mbele ya pipa.

Karani wa mapokezi ndiye aliyemnong'oneza alipokuwa akitoka: amwangalie Phinées, mlinzi. Siku moja kabla mwani haujafa, Phinées alionekana kwenye matangi na chupa ya javel, dawa ya kung'arishia nguo, mkononi. Javel inaua kila kitu, na Phinées alikuwa hajafurahi tangu apunguziwe zamu.

Kahindo akamkuta nyuma ya kiwanda, amechutama, anasugua ukuta wa tangi kwa brashi. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Chupa ya javel ilikuwa pembeni yake, na mbuzi wawili walisimama karibu wakimtazama kwa hamu.

"Papa Phinées, ile javel uliimwanga wapi?"

"Kwa ukuta, mama. Directeur njo alinituma. Alisema bageni basione ile madoa." Akaonyesha kwa brashi. Kando yote ya juu ya saruji palikuwa na ganda la kijivu lenye wekundu, limekauka kama uji uliomwagika. "Ninatoa, inarudia. Na hizi mbuzi za jirani zinanisumbua. Nikifukuza, zinarudi kulamba."

"Ndani ya maji hukuimwanga hata kidogo?"

"Niimwange juu ya nini? Javel yenyewe ananipimia na kifuniko."

Kahindo aliinama, akakwangua ganda lile kwa ukucha. Mbuzi mmoja akaja akamsukuma kwa kichwa ili naye apate nafasi, akaanza kulamba ukuta kwa raha zake zote. Kahindo alikulia kati ya ng'ombe. Alikuwa amemwona baba yake akivunja mabonge ya rangi ile ile kwa nyundo na kuyatupa kwenye jiwe la malisho, na ng'ombe wakija mbio kutoka upande wa pili wa kilima. Akaweka ncha ya kidole ulimini. Ilikuwa chumvi, na uchungu wake wa mwisho, ule unaokuna koo, ulikuwa wa Katwe, ziwa la chumvi ng'ambo ya mpaka wa Uganda.

Alimshukuru Phinées, akamwachia mbuzi ukuta.

Sokoni, wauza chumvi ya Katwe wanakaa mwisho kabisa, baada ya wauza kamba na majembe, maana wanunuzi wao ni wafugaji. Siku hiyo mikeka ilikuwa mitupu. Wafugaji wawili wa Kipese walikuwa wakimfokea mama mmoja mnene aliyekaa juu ya magunia matupu, mikono kifuani, anawasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

"Juma mbili, Orpa! Juma mbili ng'ombe zetu zinalamba mawe!"

"Nilishasema chumvi imekwisha. Mukalambe na nyie." Orpa akamwona Kahindo, akanyoosha kitenge. "Mama polisi. Na weye uko na ng'ombe?"

"Niko na ulizo tu. Nani alimaliza chumvi?"

"Mutu wa maana, si kama hawa." Wafugaji wakaguna, wakaondoka. "Docteur fulani, wa koti mweupe. Alituma kamyo, akabeba magunia yote, hata ya Mama Falonne wa pale. Nilimuuliza, 'Docteur, uko na ng'ombe ngapi?' Akasema eko na bahari." Orpa akacheka hadi magunia yakasogea. "Niliona ni mutu wa shule, nikamwacha."

"Ilikuwa wakati gani?"

"Wakati ile banatangaza kwa redio kama bageni ba Nairobi banakuja na chimiste. Kesho yake asubuhi, kamyo ilikuwa hapa."

Kahindo akakaa juu ya gunia kando yake, akafikiri. Mtu mwenye bahari ndani ya mapipa hanunui chumvi ya ng'ombe kwa lori. Ananunua tu akisikia kwamba anakuja mgeni mwenye chombo cha kupimia chumvi, na maji yake hayana. Basi ule uliokuwa kijani ndani ya matangi haukuwa mwani wa bahari. Ulikuwa utando wa mitaro, ule ule unaoota kwenye kila dimbwi la Butembo mvua ikinyesha mfululizo, na ulikuwa ukiishi vizuri kwenye maji matamu hadi mwenyewe alipoumwagia magunia ya Katwe. Gamaliel aliuchemsha uongo wake kwa chumvi, ukamfia mikononi. Hata kutapeli hakujua.

Lakini chumvi peke yake haikutosha. Angesema aliongeza kidogo tu, kwamba bahari ya Mombasa ilihitaji nguvu, na watu wangetingisha vichwa tena. Lakiri ya lile pipa la mapokezi hangeweza kuikata kwa kubahatisha; alitakiwa kwanza mtu mmoja aseme mapipa yalikuwa na nini kabla hayajafika. Na mtu huyo, kama Gamaliel mwenyewe alivyosisitiza mia kwa mia, alikuwa ndani ya kasho, akikana.

"Mama Orpa, kesho saa sita utakuwa na nafasi ya kupanda jipu ya polisi?"

"Na chumvi sina, nitafanya nini ingine?"

Kwenye ua wa polisi, mwanamke mwenye hijabu ya zambarau alikuwa amekaa kwenye tofali na chungu cha wali kilichofungwa kitambaa. Alikuwa Rachida, mke wa Lukman, ametoka Beni alfajiri. Kahindo akachuchumaa karibu naye.

"Mama Rachida, bwana yako anasema hakufungua pipa."

"Nasikia."

"Weye unasema nini?"

Rachida aliangalia chungu chake. "Miye sikukuwa barabarani, Mama Inspecteur."

"Alipofika nyumbani siku ile, ilikuwa namna gani?"

"Sawa siku zote. Alikoga, akakula kidogo." Akasita. "Kiisha akasali alasiri. Nilishangaa. Nilimuuliza, 'Baba, hukusali njiani?' Akasema alisali. Lakini akarudilia."

"Juu ya nini mutu anarudilia sala yenye alishasali?"

"Kama anaona kitu iliiharibu."

"Kitu kama nini?"

"Udhu, mara mingi. Maji." Rachida aliufunga mdomo ghafla kwa ncha ya hijabu. Alikuwa amesikia alichosema, na Kahindo naye alikuwa amekisikia.

Lukman alitolewa kasho akiwa na kanzu iliyokunjamana, kilemba begani, na ndevu zilizoanza kuwa nyeupe. Alikuwa mtu mkubwa, lakini alisimama kama anayeomba nafasi. Kahindo alimwondoa askari, akaweka kati yao bidoni ya maji na kopo.

"Nionyeshe namna munanawaka mbele ya sala. Miye ni mukatolika, sijue."

"Juu ya nini, Inspecteur?"

"Juu ya kazi yangu. Fanya tu."

Alitazama bidoni. "Maji ni ya nani?"

"Ni ya serikali."

"Serikali inaruhusu?"

Kahindo aliudhika. Mtu anangojewa na gereza na anaomba ruhusa ya kopo la maji! "Inaruhusu," alisema.

Lukman akakunja mikono ya kanzu. Akaosha viganja. Akachukua maji kwa kiganja cha kulia, akayatia kinywani, akasukutua, akatema. Akarudia.

"Simama. Munatia ndani ya kinywa?"

"Ndiyo. Mara tatu."

"Kila siku? Hata barabarani?"

"Hata barabarani."

"Hata siku ile, kwa njia ya Kasindi?"

Kiganja kilibaki hewani, maji yakimvujia kwenye vidole. Rachida alikuwa amesimama nyuma ya Kahindo. "Sema, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nilishasema ya alasiri."

Lukman akakaa chini, palepale kwenye maji yaliyomwagika.

"Tulikuwa ndani ya convoi, kamyo mingi zenye kulindwa na jeshi," alisema. "Basoda balitusimamisha kati ya njia, balisikia mulio ya bunduki mbele. Balisema mutu hapana shuka, hapana ingia kwa majani, hata kutafuta maji. Jua ilikuwa inashuka, alasiri inakwisha. Bidoni yangu ilikuwa inapasuka. Ningelipangusa vumbi, sheria inaruhusu. Lakini maji ilikuwa nyuma yangu, mapipa saba, nasikia inacheza. Nikasema, mutu mwenye kuwa na maji vumbi haimufae. Nilijifanya mutu wa dini kupita sheria yenyewe. Nikakata lakiri na kisu."

"Na juu ya nini ulikana?"

"Kwa Beni, Inspecteur, musafirishaji mwenye anafungua muzigo ya mutu hakuna mwenye atamupakiza tena. Hata gunia ya maharagi. Baba yangu alibeba mizigo ya batu miaka yote, hakufunguaka hata kifuko. Na tena..." Akajipangusa uso. "Maji ya wizi. Nilisimama mbele ya Mungu na maji ya wizi."

Kahindo alimtazama kwa hasira. Mpumbavu huyu alikuwa ameshika ufunguo wa kasho yake kinywani tangu siku ya kwanza, na kwa ajili ya kopo moja la maji akakubali kwenda jela. Alitaka kumpiga kofi.

"Sasa sikia muzuri. Ile maji, ilikuwa na ladha gani?"

"Ladha?"

"Kinywani. Mara tatu."

"Ladha ya maji tu. Kidogo ya matope, sawa ile ya muto pale Kasindi." Akamwangalia Kahindo, haelewi. "Ilikuwa inafaa kuwa na ladha gani?"

"Balikuambia ni maji ya nini?"

"Balisema ni dawa ya kiwanda. Hapa kwa kasho baliniuliza tu kama nilifungua, na nilisema hapana. Nikishasema hapana, nitasema tena ladha ya nini?"

Rachida, ambaye baba yake alimpeleka Mombasa alipokuwa binti, akaionja bahari, aliweka mkono kichwani. Alianza kucheka, kisha akalia.

Siku iliyofuata, saa sita kasoro, jipu la polisi lilitoka Butembo kwa njia ya Beni kama kamanda alivyoagiza, na mfungwa akiwa ndani kama kamanda alivyoagiza. Kiwanda cha Marikivu kilikuwa kando ya njia hiyo hiyo. Kahindo alimwambia dereva aingie.

Wageni wa Nairobi walikuwa kwenye chumba cha mapokezi, wameshika glasi za maji ya matunda. Gamaliel alikuwa kati yao na koti jipya, anawaelezea ukuaji wa uchumi wa kanda kwa mikono yote miwili. Akina mama wa Vuhovi walisimama ukutani katika vitenge vya sherehe, maana walikuwa wameambiwa waje kupiga vigelegele. Alipomwona Lukman mlangoni na pingu, uso wa Gamaliel uling'aa.

"Waheshimiwa, muuaji njo huyu!"

"Monsieur le Directeur," Kahindo alisema, "jambo moja mbele tuende Beni. Hii pipa ni ya kundi moja na ile alifungua?"

"Kundi moja, siku moja, bateau moja, meli moja."

"Lakiri haijafunguliwa?"

"Jamais! Tangu Mombasa." Akageukia wageni. "Ni bahari kamili, mutu hajaigusa."

"Muzuri." Kahindo alitoa kisu mfukoni, akaikata lakiri. Utepe wa bendera ulianguka mezani, na bango likaufuata.

"Mais! Inspecteur! Ile ni souvenir!"

"Ni kielelezo." Akamfungua Lukman pingu. Kutoka mbali, upande wa mjini, adhana ya adhuhuri ilianza, nyembamba kwa sababu ya upepo. Lukman aliisikiliza, akalitazama pipa lililokuwa wazi, halafu akafanya jambo ambalo Kahindo hakumwambia afanye. Alimwendea Gamaliel, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Monsieur, maji ni yako. Unaniruhusu ninawe?"

Wageni wote walimtazama Gamaliel. Akina mama wa Vuhovi walimtazama. Akasema, "Mais ni... ni maji ya science."

"Mruhusu," alisema mmoja wa wageni, mwanamke mwenye miwani na kifuko cha vyombo begani. Alikuwa Rébecca, yule mkemia aliyetangazwa redioni. "Bahari haiishi kwa kopo moja."

"Basi... anawe."

Lukman akachota. Akaosha viganja juu ya beseni la maua. Akatia maji kinywani, akasukutua taratibu bila kukunja uso, akatema. Tena. Na tena. Akaendelea na pua, na uso, na mikono hadi viwikoni, na kichwa, na miguu, kana kwamba hapakuwa na mtu chumbani. Rébecca hakutoa chombo hata kimoja. Alichovya kidole ndani ya pipa, akakilamba, akamtazama Gamaliel kama mtu anayetazama kitu alichokanyaga.

"Haya ni maji ya mto," alisema.

"Balinidanganya!" Gamaliel alipiga kelele. "Bale ba Mombasa balinidanganya! Miye ni victime!"

"Kama balikudanganya," Kahindo alisema, "ungelijuaje kama maji haina chumvi mbele chimiste hajafika? Mama Orpa!"

Orpa akaingia, amevaa viatu vya kanisani. "Docteur, jambo! Na ile bahari yako, chumvi yangu iliifaa?"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja wa Vuhovi alimsogelea Gamaliel, akamvua koti jeupe taratibu, kifungo kwa kifungo, kama anavyomvua mtoto nguo chafu. Akalikunja, akaliweka kwapani. Alisema litamfaa mjukuu wake.

Pingu zilibadilisha mikono. Kahindo alimwingiza Gamaliel nyuma ya jipu, akafunga mlango, akakaa mbele. Wageni walikuwa wametoka uani kutazama. Rachida, aliyekuja nyuma yao kwa pikipiki, alikuwa langoni chini ya pomboo. Dereva alikuwa ameshawasha mashine Lukman alipogonga kioo.

"Inspecteur, ngoja. Niko na neno kwa huyu."

"Mutukane haraka, tuko na njia."

Lukman hakutukana. Aliinama dirishani, nyusi zikiwa bado na maji.

"Monsieur, leo uliniruhusu, na nashukuru. Lakini siku ile ya njiani sikuomba. Nilichukua kopo moja ya maji yako bila ruhusa. Unisamehe ile kopo."

Gamaliel alimkodolea macho. "Weye uko na kichwa kweli?"

"Ilikuwa maji yako. Hata ya muto."

"Niache! Inspecteur, twende!"

Kahindo aliunyoosha mkono, akazima mashine. Akina mama wa Vuhovi walisogea karibu na jipu, na Gamaliel akaona kwamba hakuna aliyekuwa na haraka. Alitazama pingu zake, akamtazama yule mtu mkubwa aliyekuwa akingoja dirishani kwa uvumilivu, kana kwamba mkurugenzi bado alikuwa na kitu cha kumpa mtu.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe.

"Mungu akulipe."

Lukman alienda kando ya matangi, akawafukuza mbuzi kwa upole, akatandika kilemba chake kwenye saruji na kusimama kusali. Kahindo alingoja hadi alipotoa salamu, kulia na kushoto. Ndipo akawasha mashine mwenyewe, wakaelekea Beni.